Kidogo, Fichika na Ndugu Zao

Mwanafunzi akiandika "chura kidogo" kwenye insha, mwalimu hulizungushia neno hilo wino mwekundu. Chura ana umbo la nomino za ki-vi, chura mmoja, vyura wengi, lakini kwa kuwa ana uhai hupewa upatanisho wa watu na wanyama: chura mdogo, vyura wadogo. "Chura kidogo" ni jambo jingine. Ni chura wa kupimiwa kwa upawa, kama mchuzi. Hata hivyo mwaka 2009, katika jarida la Breviora linalotolewa na makumbusho ya zoolojia ya Chuo Kikuu cha Harvard, mtaalamu wa vyura David Blackburn alitangaza spishi mbili mpya kutoka milima ya Tao la Mashariki nchini Tanzania. Mmoja alimwita Arthroleptis kidogo. Wa pili, Arthroleptis fichika.

Nimejaribu kumkasirikia mtaalamu huyo nikashindwa. Kosa lenyewe lina utetezi, maana ukimdunisha chura akawa kichura, kidogo kinakaa mahali pake bila pingamizi la mwalimu yeyote. Na fichika ni chaguo zuri kuliko linavyoonekana kwa mara ya kwanza. Hakuandika fichwa. Kinachofichwa kimefichwa na mtu, lakini kinachofichika kimetoweka machoni kwa hali yake, bila mhusika wa kulaumiwa. Kwa mnyama wa rangi ya majani makavu aishiye chini ya majani makavu, kauli ya kutendeka ndiyo yenyewe.

Jenasi ya Arthroleptis ina spishi karibu 50, zote za Afrika kusini mwa Sahara, kuanzia misitu ya Afrika Magharibi hadi fukwe za KwaZulu-Natal. Hawa si vyura wa bwawani. Makao yao ni tandiko la majani yaliyoanguka msituni, katikati ya mizizi na magogo yaliyooza. Wengi ni wa kahawia, mgongoni wana alama yenye umbo la saa ya mchanga, na mlio wao ni mwembamba, wa juu, wa kukatikakatika, hata asiyeuzoea akaudhani wa nyenje. Spishi kubwa hufikia sentimita 5 na kitu. Zile ndogo hazizidi 2 zikiwa zimekomaa. Dume wa spishi nyingi ana kidole cha tatu cha mkono kilichorefuka kupita kiasi, chenye vimiba vidogo pembeni, na kidole hicho kimewachosha wataalamu kwa mabishano kuhusu kazi yake.

Kinachonishangaza zaidi ni uzazi wao. Mchoro wa maisha ya chura tulioukariri shuleni, mayai majini, kisha kiluwiluwi mwenye mkia, kisha miguu, kisha nchi kavu, hauwahusu. Jike hutaga mayai machache, makubwa, yenye kiini kingi, kwenye udongo wenye unyevu au chini ya majani. Humo ndani kiinitete hukua moja kwa moja hadi kuwa chura, na siku ya kutoka hutoka akiwa na miguu yake minne. Hatua ya kuogelea imerukwa. Kwa hiyo vyura hawa wanaweza kukaa kwenye mteremko usio na kijito wala dimbwi, mradi udongo haukauki. Sharti hilo la mwisho ni zito. Msitu ukikatwa, jua likipiga chini, yai lisilo na gamba hukauka, na hakuna dimbwi la kukimbilia kwa sababu mnyama huyu hakuwahi kulitegemea. Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita nchini Kenya, ikipita Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru, Rubeho na Uluguru hadi Udzungwa, hupokea mawingu ya Bahari ya Hindi, na mawingu hayo ndiyo yamewalea.

Jina la jenasi ni la mwaka 1849. Aliyelitoa ni Andrew Smith, daktari Mskoti wa jeshi la Uingereza, aliyeasisi Jumba la Makumbusho la Afrika Kusini mjini Cape Town mwaka 1825 na ambaye, alipochapisha jina hili, alikuwa amekwisha kurudi kwao zaidi ya miaka kumi. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki: arthron, yaani kiungo, na leptos, yaani -embamba. (Kiungo cha mwili, tafadhali. Msomaji wa pwani asije akasikia harufu ya iliki na mdalasini.) Chura aliyelipata jina hilo kwanza ni Arthroleptis wahlbergii, na sehemu ya pili inamheshimu Johan August Wahlberg, Msweden aliyezunguka kusini mwa Afrika akikusanya wanyama na mimea. Mwaka 1856 Wahlberg aliuawa na tembo aliyejeruhiwa, si mbali na Ziwa Ngami. Chura wake mpaka leo analia katika misitu ya pwani ya Natal, na kila anayemtaja kwa jina la kitaalamu anamtaja marehemu.

Kusema kweli "kiungo chembamba" hakimwelezi mtu chochote. Vyura wenye vidole vyembamba wamejaa duniani. Lakini kazi ya jina la jenasi haikuwa kueleza. Jina la jenasi ni dai la ukoo. Anayeandika Arthroleptis mbele ya kidogo anasema kwamba huyu wa Tanzania na yule wa Wahlberg wanachangia babu, na kwamba undugu wao ni wa karibu kuliko undugu wao na chura mwingine yeyote aliye nje ya jina hilo. Dai la namna hiyo linaweza kufikishwa mahakamani. Hili limefikishwa, na kesi imechukua sehemu kubwa ya karne ya ishirini.

Ilianza Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1921 Gaston-François de Witte, mtaalamu wa Ubelgiji, alimchunguza chura mdogo kutoka huko akaona hafai kuingizwa kwa Smith. Akamtengea jenasi mpya, Schoutedenella, kwa heshima ya Henri Schouteden, mzoolojia aliyekuja kuwa mkurugenzi wa jumba la makumbusho la Kongo kule Tervuren kuanzia 1927 hadi 1946. Kiambishi -ella ni cha kudunisha, kinafanya kazi ile inayofanywa na ki- katika kichura. Mkurugenzi akawa kijina cha vyura wadogo, na nadhani alifurahi. Watu wa makumbusho hufurahia mambo hayo.

Tangu hapo vyura wadogo wa ukoo huu walikuwa wakihamishwa nyumba kwa nyumba. Mbelgiji mwingine, Raymond Laurent, alishikilia kwa miaka mingi kwamba Schoutedenella ni nyumba halali, naye mwenyewe akajenga nyingine kadhaa: Arthroleptulus, Coracodichus, Abroscaphus. Wengine, John Poynton akiwa miongoni mwao, walizikataa wakisema wote ni watoto wa Smith. Kila upande ulikuwa na mifupa yake ya kuonyesha. Hoja ya waliotenga ilisikika vizuri: hawa ni wadogo, mifupa yao imepungua na kurahisika, basi wawekwe peke yao.

Mwaka 2008 Blackburn yuleyule alichapisha matokeo ya kulinganisha vinasaba vya jenasi hii na jirani yake Cardioglossa, vyura wa vidole virefu. Alichokikuta ni kwamba udogo haukutokea mara moja. Ulitokea tena na tena, katika matawi tofauti ya ukoo, na wale wadogo hawakukusanyika pamoja kwenye mti wa nasaba. Kichura wa mlima mmoja anaweza kuwa karibu zaidi na jitu la sentimita 5 kuliko na kichura mwenzake wa mlima mwingine. Mwili ukipungua, vitu vilevile hupungua: kidole hiki hufupika, mfupa ule haumalizi kukua. Atazamaye kwa darubini huona kufanana akadhani ni urithi, kumbe ni gharama ambayo kila mdogo amelipa kivyake. Mwaka mmoja baada ya kuonyesha kwamba udogo hauthibitishi undugu, mtu huyo alimwita mmoja wa vyura wake kidogo. Sioni mkanganyo hapo. Katika nafasi ya jenasi neno hilo lingekuwa dai la ukoo. Katika nafasi ya spishi ni sifa tu, na kila mtu ana haki ya kuwa mfupi bila kuulizwa baba yake ni nani.

Majina haya yalipokuwa yakihamahama, mikia yao pia ilibadilika, na hapa msemaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa. Sifa ya Kilatini sharti ipatane na jinsia ya jenasi. Chura mwenye mistari aliyeelezwa na George Albert Boulenger mwaka 1906 ni Arthroleptis taeniatus, kwa sababu Arthroleptis huhesabiwa kuwa la kiume. Alipopelekwa kwa Schouteden, ambaye kwa sababu ya -ella amekuwa wa kike, akawa Schoutedenella taeniata. Aliporudishwa, akarudishiwa na -us yake. Waingereza wanaosoma zoolojia hulalamika sana juu ya kanuni hii. Sisi tuliokwisha kuambiwa tangu utotoni kwamba mti ni mkubwa lakini jiti ni kubwa, tunashangaa wanacholalamikia. Ila kidogo na fichika wamesamehewa. Neno lisilo la Kilatini wala Kigiriki hubaki jinsi lilivyoandikwa siku ya kwanza, lihamishwe mara ngapi.

Kanuni nyingine ni kali zaidi. Jina la spishi likishachapishwa ipasavyo halibadilishwi kwa sababu eti si la kweli. Ukipatikana kesho mteremko wenye chura aliye nusu ya kidogo, kidogo atabaki kidogo. Mwaka 1909 Boulenger, akiwa London, alimweleza chura kutoka Amani, Usambara Mashariki, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamefungua kituo chao cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Alimwita xenodactylus, mwenye kidole kigeni. Mwaka 1933 mtaalamu John Hewitt akakutana na chura mwingine wa kusini zaidi anayefanana na huyo, naye akamwita xenodactyloides: anayefanana na mwenye kidole kigeni. Basi yupo mnyama, anayepatikana pia Taita na katika milima mingi ya Tanzania, ambaye jina lake lote ni kufananishwa na mwingine. Na Ernst Ahl wa Berlin alimpa mmoja wa Tanzania jina la affinis mwaka 1939, maana yake mwenye uhusiano. Uhusiano na nani? Jina halisemi, na kwa sheria halina haja ya kusema.

Linachohitaji jina ni mwili. Kwa kawaida kila spishi ina mnyama mmoja aliyeteuliwa awe shahidi wake, amelala ndani ya chupa ya spiriti London, Berlin, Hamburg, Tervuren au Harvard, akiwa na kikaratasi mguuni. Mabishano yakizuka, yeye ndiye anayetolewa kwenye chupa na kupimwa upya. Watu walioinua magogo wakamshika, vijana wa vijijini waliolipwa senti kwa kila chura, mara nyingi hawamo kwenye kikaratasi. Yumo mwenye msafara. Ndiyo maana chura wa Rwanda, kutoka msitu ambao Wajerumani waliuita Rugege na leo ni sehemu ya Nyungwe, anaitwa Arthroleptis adolfifriederici, kwa jina la Adolf Friedrich, mwana wa ukoo tawala wa Mecklenburg aliyeongoza msafara wa Afrika ya Kati mwaka 1907 na 1908. Mzoolojia wa msafara huo, Hermann Schubotz, naye akapata chura wake, schubotzi. Yote mawili yalichapishwa mwaka 1911 na Fritz Nieden. Nikiyasoma majina haya namwonea huruma zaidi yule wa kwanza: mnyama aliyeumbwa asionekane, amebebeshwa herufi kumi na sita za mtukufu aliyepita mara moja.

Mwili ndani ya chupa waweza pia kuwa ndio kila kitu kinachojulikana. Mwaka 1962 katika milima ya Chimanimani, Zimbabwe, walipatikana vyura wachache mapangoni. Poynton akawaandika mwaka uliofuata kwa jina la Arthroleptis troglodytes, mkaa pangoni. Kisha kimya. Watafiti walikwenda na kurudi mikono mitupu. Kwa zaidi ya nusu karne spishi hiyo ilikuwa jina, chupa na swali. Mwezi Desemba 2016 kikundi kilichoongozwa na Robert Hopkins, wa makumbusho ya viumbe ya Bulawayo, kiliufuata mlio ambao hakuna kati yao aliyekuwa amewahi kuusikia, kikamkuta mwimbaji. Ni sauti iliyomfichua, baada ya macho ya wote hao kushindwa.

Na vipi kuhusu Kiswahili? Kidogo na fichika hawako peke yao. Mwaka 2002 Alan Channing na William Stanley waliunda jenasi nzima kwa chura wa mitini kutoka Ukaguru, Churamiti, na spishi yake wakaiita maridadi. Mwaka 2004 Usambara Magharibi ilimpata Callulina kisiwamsitu, jina linalosema kwa neno moja lililoungwa jinsi msitu ulivyobaki juu ya mlima huku mashamba yameuzunguka kila upande. Majina haya hupokewa kwa shangwe, na mimi pia huwa nafurahi. Lakini shangwe ipungue kidogo. Makala yaliandikwa kwa Kiingereza, chupa nyingi zikaenda ng'ambo, na neno la Kiswahili lilitiwa mwishoni pale ambapo zamani lilitiwa jina la bwana mkubwa. Tena Kiswahili chenyewe si lugha ya kwanza ya miteremko hiyo. Bibi wa Uluguru anamwita chura kwa Kiluguru, wa Lushoto kwa Kisambaa. Msomi akichagua Kiswahili amechagua lugha ya ofisi ya misitu na ya barabara kuu. Kwa upande huo Callulina dawida, chura wa vilima vya Taita aliyeelezwa mwaka 2009, amefika karibu zaidi na nyumbani: ana jina la Wadawida wenyewe, na miongoni mwa waliomtangaza yumo Patrick Malonza wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Nani alimficha fichika, basi? Nilisema hakuna, na kwa sarufi ni kweli. Lakini mtu anayepalilia iliki chini ya kivuli cha miti ya milima hiyo huwaona vichura wa namna hii wakiruka kutoka kwenye jembe kila msimu wa mvua. Kwake hajafichika mtu. Anachokosa mkulima ni kumtenga huyu na yule, na hilo haliwezekani kwa jicho tupu hata kwa profesa. Ilibidi kupima urefu wa vidole kwa sehemu za milimita, kusoma vinasaba, kuchungulia chupa za miaka mingi. Fichika alifichika ndani ya wenzake, si ndani ya majani.

Kuhusu Schoutedenella, hajafa. Jina la kitaalamu lililokataliwa halifutwi. Huandikwa chini ya jina lililoshinda na kukaa hapo, na haki zake za umri zikiwa zimehifadhiwa. Jenasi yenye spishi karibu 50, iliyoenea nusu bara na yenye uzee wa mamilioni ya miaka, ni kishawishi kwa yeyote mwenye vinasaba vipya na hamu ya kugawanya. Siku atakapotokea, hataruhusiwa kubuni jina apendavyo kwa ajili ya tawi lenye chura wa de Witte. Atalazimika kulirudisha lile la 1921, amheshimu Schouteden asiyemjua, aliyefariki mwaka 1972, kisha apitie orodha ya majina yaliyomo ndani, moja baada ya jingine, na kila -us anayehama aifanye -a.